Kocha wa chuma asoma daftari la vipimo vya mashujaa wa Marvel

Mimi ni kocha wa chuma hapa Tanga, na katuni nilizianza kabla ya chuma. Mtu akiniuliza kati ya Hulk na Thor nani mwenye nguvu zaidi, simjibu kwa ushabiki. Namuuliza kwanza: kunyanyua vipi? Kutoka chini hadi mapajani, au juu ya kichwa? Mara moja, au marudio? Vijana wangu wengi hukata tamaa hapo wakarudi kwenye benchi. Kitabu ninachokileta leo ndicho cha kwanza nilichokiona kikiuliza maswali hayohayo, tena kwa uso mkavu, kama karani wa bandari anayepokea mzigo.

Kinaitwa Essential Official Handbook of the Marvel Universe, juzuu ya kwanza. Jina refu, na kitabu chenyewe kinene. Marvel, wachapishaji wa katuni wa Marekani, walikitoa 2006 kwa karatasi ya aina ya gazeti, bila rangi, kikikusanya matoleo yote 15 ya mfululizo uliotoka kati ya 1983 na 1984. Nakala yangu ni ya mtumba. Mpwa wangu aliyeko Leicester aliikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika, akaisafirisha kwenye begi katikati ya viatu. Usitafute hadithi humu. Hakuna mapigano, hakuna "itaendelea". Ni wahusika tu kwa mpangilio wa alfabeti, kuanzia Abomination hadi Zzzax, kila mmoja amechorwa akiwa amesimama, kisha jina lake halisi, kazi, ndugu, kundi, urefu, uzito, rangi ya macho, na mwisho uwezo wake. Hata hadhi ya kisheria imo: huyu ni raia wa Marekani asiye na kosa lolote, yule ana rekodi ya jinai. Marehemu wametengewa matoleo yao mawili. Toleo la mwisho ni la silaha na mitambo, michoro safi kabisa ya Eliot R. Brown, lakini mashine hainitii hamu, nililipitia juujuu.

Aliyebuni kazi hii ni mhariri Mark Gruenwald, na ukisoma kurasa kumi tu unamjua ni mtu wa namna gani: yule jamaa wa kijiweni asiyekubali jambo lipite bila hesabu. Alipofariki 1996, majivu yake yalichanganywa na wino wa kuchapia kitabu kimoja cha hadithi zake mwenyewe. Mtu wa hivyo ndiye unayetaka akupimie mashujaa.

Sasa tuingie kwenye chuma. Kipimo cha kitabu ni uzito ambao mtu anaweza kuusukuma juu ya kichwa, mikono ikanyooka. Hilo tu lingetosha kunifanya nikipende, maana ndilo pozi gumu la haki. Mgongo, mapaja, mabega na pumzi vyote vinatoa ushahidi. Tani yao ni ya Kimarekani, pauni 2,000, yaani kilo 907 za kwetu. Ukisahau hilo utawazidishia.

Anza chini. Captain America, kwa mujibu wa kitabu, ni binadamu aliyefikishwa kwenye kilele cha ubinadamu, si zaidi, na anasukuma pauni 800. Nilichukua kalamu. Hizo ni kilo 363. Rekodi ya dunia ya kunyanyua hadi juu ya kichwa, ile ya hatua mbili ambayo unapumzisha chuma mabegani kwanza, ni kilo 267, na iliwekwa Desemba 2021 na Lasha Talakhadze wa Georgia, mtu mzito kuliko milango mingi ninayoijua. Kwa hiyo yule wanayemwita kilele cha ubinadamu amempita bingwa wa dunia kwa kilo 96. Mwaka 1983 pengo lilikuwa kubwa zaidi kidogo. Mimi hapo namwondoa Captain kwenye fungu la binadamu na kumweka na wenzake wenye dawa mwilini, na kwa kweli dawa alidungwa. Hadithi yenyewe inakiri.

Baada yake ngazi inapanda haraka. Spider-Man ni tani 10. Kwa wasiozoea tarakimu: Hiace tupu, bila konda wala abiria, ina karibu tani mbili, hivyo chukua nne, zipange juu ya mabega ya kijana mwembamba wa kilo 75, na bado ana akiba. Colossus, yule Mrusi anayegeuka chuma, tani 70. She-Hulk 75. The Thing, Ben Grimm wa mwili wa mawe, 85. Halafu kuna daraja linaloitwa la 100, ambamo wamo Hulk, Thor na Hercules, na maana yake ni kwamba mizani imeishia hapo; mtu anasukuma tani 100 na kuendelea, kiasi gani zaidi kitabu hakisemi.

Lakini hivyo sivyo kocha anavyosoma. Ukumbini kwangu mtu wa kilo 110 akinyanyua 120 simpigii makofi. Mwaka 1988 kule Seoul, Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, mtu mfupi asiyefika mita moja na nusu, akishindana uzani wa kilo 60, alinyanyua 190 juu ya kichwa. Zaidi ya mara tatu ya mwili wake. Huyo ndiye ninayewaonyesha vijana. Kwa hiyo niligawanya mzigo wa kila shujaa kwa uzito wake mwenyewe, na kitabu kinakuruhusu kwa sababu uzito wa kila mtu umeandikwa.

Spider-Man, pauni 165: mara 121 ya mwili wake. Hulk ni futi saba na pauni 1,040, karibu kilo 472, na kwa zile tani 100 za daraja lake anapata mara 192 tu. Tu! She-Hulk, binamu yake, kwa pauni 650 anapata mara 231. Thor, pauni 640, mara 312. Na Ben Grimm? Pauni 500, tani 85. Mara 340. Najua mashabiki wa Hulk watasema daraja la 100 halina dari na hesabu yangu imemkata miguu. Sawa. Lakini kwa kilichoandikwa, kilo kwa kilo, yule mnene wa mawe anayelalamika kutwa nzima ndiye mwenye mwili unaofanya kazi kuliko wote. Nimeiandika jedwali hiyo kwa kalamu ya risasi kwenye jalada la ndani, na imeleta ugomvi kuliko Simba na Yanga.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi kitabu kinavyohangaika kueleza mwili. Thor ana futi sita na inchi sita, urefu wa mchezaji wa kikapu, sasa kilo 290 zimekaa wapi? Kitabu kinajibu: nyama na mifupa ya watu wa Asgard, kwao Thor, imeshindiliwa mara tatu ya yetu. Luke Cage naye ana urefu huohuo na pauni 425, kwa sababu jaribio lililomgeuza liliongeza uzito wa misuli na mifupa yake. Kisha Angel, mwenye mabawa ya futi 16 toka ncha hadi ncha: mifupa yake ina uwazi ndani mfano wa ndege, mwilini hakuna mafuta, na macho yake yanastahimili upepo wa mwendo. Futi sita na pauni 150. Yaani mtu amekaa akafikiria kwamba kiumbe huyu akiruka bila miwani machozi yatamtoka. Ni uongo, ndiyo, lakini ni uongo uliofanyiwa mazoezi.

Kazi hiyo yote nzuri inaporomoka wanapofika kwa wanawake, na hapa siwezi kunyamaza kwa sababu nusu ya wateja wangu wa asubuhi ni kina mama.

Storm tumchukue, maana ana damu ya kwetu. Mama yake, N'Dare, ni Mkenya wa ukoo wa kifalme. Na alipotokea mara ya kwanza mwaka 1975, Profesa Xavier, mwanzilishi wa kundi lake la X-Men, alimkuta Kenya akiabudiwa kwa uwezo wake wa kuita mvua. (Hadithi zake huchanganya Kenya na Serengeti utadhani ni uwanja mmoja. Watanzania wenzangu, tusameheane, Marekani ni mbali.) Kitabu kinampa futi tano na inchi kumi na moja, pauni 127. Kwetu ni sentimita 180 na kilo 58. Binti wa vipimo hivyo akija kwangu simpi chuma, nampa uji na kumwomba aonane na daktari. Huyu ni mpiganaji, anaruka angani kwenye dhoruba, anaongoza kikosi, amechorwa na mapaja ya mkimbiaji wa mita mia nne. Mapaja yale peke yake yana robo ya hizo kilo.

Jessica Drew, Spider-Woman, ni mfano unaouma zaidi. Futi tano na inchi kumi, sawasawa na Spider-Man. Yeye pauni 130, Spider-Man 165. Kilo 16 zimeyeyuka kwa sababu ni mwanamke. Ajabu ni kwamba amepewa tani saba, na ukigawa anapata mara 108 ya mwili wake, karibu kabisa na Spider-Man. Nguvu walikuwa tayari kumpa. Nyama ya kubebea hiyo nguvu ndiyo walimnyima. Yeyote aliyewahi kufundisha watu anajua kwamba mtu hawezi kusukuma kilo asizozijengea msingi.

She-Hulk ni mmoja wa wachache walioachiwa uzito wao, pauni 650, na nikimwonyesha, kina mama wa asubuhi walimtazama kwa muda mrefu kuliko wengine wote. Mmoja akasema, "Huyu anakula." Ilikuwa sifa.

Na hapo tunaingia kwenye mvuto, ambao kitabu hakiupimi ila picha zake haziongelei kitu kingine. Wachoraji ni wengi, lakini karibu wote wamewekewa wino na mtu mmoja, Joe Rubinstein, na mkono wake unatuliza kila kitu. Ubaya ni kwamba wanaume wengi wamegawiwa mwili mmoja: mabega mapana, kiuno cha nyigu, tumbo lililokatwa vipande, na misuli michache mahali ambapo Mungu hakuweka kitu. Ukificha kichwa na vazi, bwana wa kilo 80 na bwana wa kilo 200 ni pacha. Kwa kitabu kinachojigamba kwa vipimo, huo ni uvivu. Wanawake wao wamesimama nyonga moja ikiwa nje, pozi ambalo ukilishikilia dakika mbili kiuno kinauma.

Niliwaachia kina mama kitabu wachague nani anavutia. Nilidhani watakwenda kwa Thor, nywele zile na kifua kile. Hawakwenda. Namor, mwana wa mfalme wa baharini anayezunguka na chupi ya kuogelea tangu 1939, walimcheka. Aliyeshinda ni Luke Cage. Sikuelewa hadi mmoja aliyetafsiriwa maelezo yake na bintiye aliponieleza: "Wenzake wote wanaokoa watu bure. Huyu anadai pesa yake." Na kweli, Luke Cage alianza 1972 akiwa shujaa wa kukodiwa, unalipa anakuja.

Mimi wangu ni Wolverine, na sababu zangu hazina siri: ni mfupi. Futi tano na inchi tatu, sentimita 160, pauni 195 kabla ya kuhesabu ile metali aliyopandikizwa mifupani. Kilo 88 katika kimo kile ni pipa la misuli, ni umbo halisi la mnyanyuaji wa uzani wa kati, na kwenye picha yake humu kwa mara moja wamemchora hivyo, shingo imezama, mikono imening'inia. Sinema za tangu 2000 zilimpa nafasi hiyo Hugh Jackman, mrefu wa karibu sentimita 188. Mwigizaji mzuri sana, simkatai. Lakini sisi wafupi tulikuwa na mtu mmoja.

Swali linalobaki ni kama vipimo vinasaidia kujua nani atamshinda nani, kwa kuwa ndicho watu wanachokinunulia. Havisaidii. Agosti 1984, miezi michache tu baada ya mfululizo huu kumalizika, Marvel haohao walitoa toleo la nne la mfululizo wa Secret Wars ambamo Hulk anashikilia mlima usiwafunike wenzake. Uzito uliotajwa: tani bilioni 150. Daraja la 100, mnasema? Na tena mlima ulipoanza kumshinda, Reed Richards, mwenzao mwanasayansi, alimtukana makusudi ili hasira ipande, kwa sababu nguvu ya Hulk huongezeka na hasira. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwandikia namba. Nilitegemea Gruenwald apendekeze walau jedwali la hasira.

Kwa upande mwingine, tukio la kunyanyua ambalo bado linanisimamisha nywele ni la Spider-Man, toleo namba 33 la mfululizo wake, 1966, kwa mchoro wa Steve Ditko. Kijana amebanwa chini ya rundo la mitambo, maji yanaingia, dawa ya shangazi yake iko mbele yake hatua chache na hawezi kuifikia. Anajaribu, anashindwa. Anajaribu tena. Fremu zinakua kubwa kadiri anavyopanda, mpaka ukurasa mzima ni yeye na mzigo. Nimelisoma mara nyingi na sijawahi kutaka kujua ni tani ngapi. Hulk akibeba mlima nasema haya, kazi yake. Lakini mzigo unaokaribia kumshinda mtu, huo nautazama hadi mwisho hata akiwa ni mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza na kilo 40. Kitabu hiki kinakupa dari ya kila mmoja, na ukishaijua dari ndipo unaona nani anaigusa. Kwangu hiyo ndiyo thamani yake, kubwa kuliko kumaliza ubishi.

Vijana huuliza pia Superman yuko ukurasa wa ngapi. Hayumo, ni wa DC, kampuni shindani. DC walijibu na mfululizo wao, Who's Who, kuanzia 1985, wenye picha za kupendeza kuliko hizi, ila hawakuingia kwenye tani. Labda waliona mbali. Superman alipoanza 1938 alikuwa na mipaka inayopimika: kuruka umbali wa moja ya nane ya maili, kuvuka jengo la ghorofa ishirini, kukimbia kuliko treni ya mwendo kasi, na ngozi isiyopasuka ila kwa kombora. Walimweleza hata kwa mfano wa sisimizi na panzi. Yule ningemfundisha. Huyu wa baadaye anayesukuma sayari hana haja ya kocha.

Kwa anayetaka kununua: jua kwamba habari zake zimesimama 1984. Makucha ya Wolverine, kwa mfano, humu ni kifaa alichopandikizwa. Kwamba ana ya mfupa tangu kuzaliwa lilikuja kusemwa 1993. Maandishi ni madogo, Kiingereza chake ni cha kimahakama, na mtoto wa chini ya miaka kumi na mbili ataangalia picha tu. Kukosekana kwa rangi kunaumiza kwa wahusika kama Abomination na Hulk, ambao wote ni kijani, ingawa kwa Hulk ni kama amerudishiwa haki yake. Toleo lake la kwanza la 1962 lilikuwa la kijivu, na kijani kilikuja kwa sababu wachapaji walishindwa kuikamata ile rangi.

Yapo pia majuzuu matatu ya toleo lililopanuliwa, lililochapwa awali kati ya 1985 na 1988, maelezo marefu zaidi na wahusika wengi zaidi. Ukiyakuta kwa bei moja na hiki, chukua yale. Mpwa wangu ameshapewa maagizo.